Mpunga wa Walinzi

Sijapata kumuona mtu mwenye kinyaa kama Bwana Shamba, na sijapata kumuonea mtu kinyaa kama nilivyomuonea yeye. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nimekaa kumsifu. Sifa zake zipo na nitazitaja, maana sipendi kumdhulumu hata mtu niliyemchukia.

Kituo chetu cha utafiti wa kilimo kilikuwa nje ya mji, baina ya mikarafuu mizee na bonde lililokatwa majaruba ya mpunga. Niliajiriwa pale mwaka uliofuata Mapinduzi, nikitokea skuli moja kwa moja, mtoto wa Mkunazini ambaye mpunga niliujua ukishakuwa wali, tena wali wa mchele wa shangazi yangu kutoka shamba, uliokuja mjini ndani ya pakacha na kuijaza nyumba harufu ya moshi. Kazi yangu ilikuwa kupima mavuno ya majaribio kwenye mizani. Yeye alikuwa mkubwa wa majaribio yote, ya mpunga, ya muhogo na ya ng'ombe wa maziwa. Wafanyakazi walimwita Bwana Shamba, jina la kuchekesha kwa mtu aliyekuwa tayari kulizunguka bonde zima ili asitie mguu kwenye tope.

Alikuja kazini kavaa nyeupe kuanzia kofia mpaka soksi. Mfukoni alikuwa na leso iliyotiwa marashi ya mawaridi, na kila alipopita banda la ng'ombe aliibana puani, akaharakisha mwendo. Bondeni alisimama juu ya tuta, akanyoosha fimbo yake na kupiga kelele, "Ule pale! Si huo, ule!" Wanawake waliozama mpaka magotini wakageuka huku na huku kutafuta shina alilolikusudia. Msimamizi wao alikuwa Bi Tatu, mwanamke wa makamo ambaye sauti yake ilivuka bonde bila tabu.

"Bwana, si ushuke utuoneshe?" alikuwa akimwambia.

"Bi Tatu, miye nnaona vizuri zaidi nikiwa huku juu."

Wakacheka. Siku zile za mwanzo hata mimi nilicheka.

Ofisini alikuwa na kabati la mvule lenye kufuli, na ufunguo aliuning'iniza shingoni ndani ya shati. Sote tulijua kilichokuwemo, au tulidhani tunajua, maana alilifungua mbele yetu kila siku: kikombe chake, sahani yake, kijiko chake, sabuni yake na chupa ya marashi. Nyuma ya vitu hivyo palikuwa na chupa za vielelezo, za mbegu na za udongo, ambazo hakuna aliyezitazama mara mbili. Hakunywa kwa kikombe cha mtu. Hakutia mkono kwenye sinia na watu. Kwetu Unguja mtu anayejitenga na sinia anasemwa, na yeye alisemwa mpaka waliomsema wakachoka. Saa ya chakula sisi tulikaa kwenye mkeka penye kivuli cha ghala, naye alikaa mezani peke yake, akikifuta kijiko kabla ya kula, na baada ya kula, na katikati pia ikiwa nzi amepita karibu. Waliosali naye walisimulia kwamba msikitini alikwenda na mswala wake, na akaukunja upande mmoja usiguswe na mguu wa jirani.

Safari moja tulikwenda Kizimkazi kutazama muhogo uliokuwa ukipata ugonjwa wa majani. Mzee mwenye konde lile la muhogo, mtu mpole ambaye alituzungusha jua kali lote bila kulalamika, akatutandikia jamvi nje ya nyumba yake. Mkewe akaleta sinia la muhogo wa nazi na pweza, unafuka. Bwana Shamba akatazama sinia, akatazama vidole vya yule mzee vilivyokuwa na udongo kuchani, akasema, "Samahani sana, baba, leo nimefunga." Mzee akamuombea dua funga yake ikubaliwe. Muda kidogo baadaye nilikwenda kwenye gari kuchukua mfuko wangu, nikamkuta nyuma ya gari, kachuchumaa, anakunywa chai kutoka kwenye chupa yake na kutafuna mkate. Alinitazama kwa macho makavu, akapangusa masharubu, akasema, "Binti, hujaniona." Nilipogeuka, yule mzee alikuwa amesimama mlangoni kwake na kata ya maji ya kutunawisha. Alikuwa amemuona. Aliirudisha kata ndani. Hata leo nikikumbuka kata ile nasikia vibaya.

Haya, na sifa zake.

Alijua kufundisha. Sikupata skuli mwalimu aliyenifafanulia jambo kama yeye. Alinionesha jinsi ya kujua mbegu hai na mbegu iliyokufa: unaichukua, unaikunja ndani ya kitambaa kilicholowa maji, unaiweka mahali pa joto, unangoja. "Usiiulize mbegu kwa macho," alikuwa akisema. "Macho yanapenda kusifu. Iulize kwa maji." Alinifundisha kutofautisha jani lenye njaa na jani lenye maradhi. Na yeye ndiye aliyenifundisha habari ya walinzi.

Kila jaruba la majaribio lilizungushiwa mistari ya mpunga pembezoni, ambayo haikupimwa. Mpunga wa pembeni unapata jua pande zote, unapata nafasi, hausongwi na wenzake. Kwa hivyo unanenepa kuliko wa ndani. Mkulima hawezi kulima bonde lililo pembe tupu, na ukiutia wa pembeni kwenye mizani pamoja na wa ndani, mizani itakwambia uongo. Mistari ile tuliiita walinzi.

"Usimpime mlinzi, Binti," aliniambia siku ya kwanza aliponikabidhi mizani. "Mlinzi anashiba peke yake. Ukimpima yeye, umewadhulumu wote waliokaa ndani."

Nilimpenda kwa maneno yale. Nasema kweli, nilimpenda.

Na kituoni petu walinzi walikuwa na mila yao. Walikatwa kabla ya mpunga mwengine wote, na mavuno yao yalikuwa haki ya wavunaji. Bi Tatu na wenzake waliyatwanga papo hapo, wakayapika kwa nazi kwenye masufuria makubwa nyuma ya ghala, na watoto wa nyumba za jirani wakaja mbio kwa harufu tu. Wali wa walinzi haukuwa wa mtu mmoja. Mchunga ng'ombe alikula, dereva alikula, mpita njia aliyesema hodi alikula. Bwana Shamba mwenyewe alipelekewa sahani yake mezani, akala kwa kijiko, akasema, "Nadhifu, nadhifu!" Lilikuwa ndilo neno lake la sifa, kwa wali, kwa shati, kwa shina la mpunga.

Sifa nyengine ni ya ndama. Mtamba mmoja wa majaribio alishindwa kuzaa, na bwana mifugo alikuwa mjini. Tulisimama bandani hatujui la kufanya, mnyama anakoroma, macho yamemtoka. Bwana Shamba akaja na leso yake puani. Akatazama. Kisha akaitupa leso, akavua shati jeupe, akapaka sabuni mkono wake mpaka begani, akautia ndani ya ng'ombe. Alivuta huku akisema naye taratibu, "Haya mama, haya mama," mpaka ndama akatoka, na maji na damu vikammwagikia kifuani. Alikaa pale kwenye kinyesi, kampakata ndama, anamtoa ute puani kwa vidole vyake. Alikuwa akilia. Baadaye alikwenda kisimani akajisugua mpaka ngozi ikamwiva, na asubuhi alirudi na leso puani kama kawaida.

Kwa miaka mingi nilijiuliza ni yupi aliye yeye, wa Kizimkazi au wa bandani. Sasa naona ni mtu mmoja. Kinyaa chake aliweza kukiacha alipotaka, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana kuna siku alitakiwa akionee kinyaa kitu kimoja tu, na hakukionea.

Palikuwa na mbegu mpya ya mpunga iliyoletwa kutoka nje, ya shina fupi. Wakubwa wa mjini walikuwa wakiitaka sana, kwa kuwa kila mtu alikuwa akizungumza habari ya kisiwa kujilisha chenyewe, na Bwana Shamba alikuwa amekwisha kuwaahidi. Tuliipanda pamoja na mbegu za zamani za Unguja. Ilipoiva, mimi na Bi Tatu tulipita juu ya matuta tukatazama. Walinzi wake walikuwa wamenenepa vibaya sana, lakini ndani palikuwa na masuke ya kawaida, hayapiti ya zamani hata kidogo.

Siku ya kuvuna Bi Tatu alikuja na masufuria yamesuguliwa yanang'aa, na nazi zimekwisha kukunwa. Wanawake wakaingia bondeni na visu. Bwana Shamba akapanda juu ya tuta.

"Mwaka huu hakuna walinzi," akasema. "Mpunga wote unakwenda kwenye mizani."

Bi Tatu akainuka, mkono kiunoni. "Hakuna walinzi vipi, Bwana? Kwani mwaka huu mpunga umeota bila pembe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Mimi nilikuwa mizanini. Nikamwambia mbele ya wote, "Bwana, si wewe uliyenambia mlinzi hapimwi?"

Akanisogelea mpaka nikasikia mawaridi. Hakukasirika. Alisema polepole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani, "Binti, nenda katazame ng'ombe. Nitapima mwenyewe."

Nikenda. Tangu siku ile kazi yangu ikawa bandani. Kutoka huko nilimuona ameishika mizani kwa ile leso yake nyeupe ili asichafuke mkono, anapima mafungu ya walinzi moja baada ya moja, na Bi Tatu na wenzake wamekaa kwenye ukuta wa ghala na masufuria matupu mapajani. Nazi zilizokunwa zilichacha. Bi Tatu alizimwaga nyuma ya banda, na harufu ile ya nazi iliyochacha ndiyo inayonijia kila nikisikia mtu anasifu mavuno.

Kituo kizima kilijua. Hapakuhitajika mtu kupekua karatasi za mtu. Hatukula wali wa walinzi, na kila aliyelala na njaa siku ile alijua ulikokwenda.

Mbegu ikatangazwa. Ikapelekwa mabondeni kwa amri moja: toa ya zamani, chukua mpya. Gari lilipita nyumba kwa nyumba, na aliyesitasita aliulizwa, "Wewe hutaki maendeleo?" Miaka ile hilo halikuwa swali ambalo mtu alitaka kuulizwa mara ya pili.

Shangazi yangu, yule wa wali wa moshi, alilima bonde la upande wa Mangapwani. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na konde lile ndilo lililomfanya asimuombe mtu kitu. Mbegu yake aliirithi kwa mama yake. Aliifunga masuke kwa masuke, akayaning'iniza juu ya jiko, na moshi wa kila siku ukayalinda na wadudu mpaka masika. Ndiyo maana wali wake ulinukia vile. Niliposikia habari za gari nilikwenda kwake siku ya Ijumaa.

"Shangazi, ficha japo fungu moja. Ile mbegu mpya miye nimeiona inavyopimwa. Ni uongo."

"Nifiche wapi, mwanangu?" akasema. "Nyumba yenyewe ya makuti, na harufu yake inatoka mpaka njiani. Wakija watanusa tu."

Wakaja, wakanusa. Alitoa yote. Aliniambia baadaye kwamba aliyekuwa akipokea, mtu mmoja kavaa nyeupe, alimpokea kwa adabu sana, na kwamba aliyashika masuke yake kwa mikono miwili, bila kitambaa.

Kisha ikafanywa karamu kituoni kuizindua mbegu. Wakubwa walikuja na magari, yakatandikwa mazulia. Siku moja kabla, Bi Tatu aliujaribu mchele mpya, ukarojeka wote sufuriani mpaka ukawa gundi. Asubuhi ya karamu akaletewa gunia jengine la mchele, akaambiwa apike huo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba masinia. Nilipofunua kawa, mvuke ukanipiga usoni, na nikasikia moshi. Moshi wa jiko la shangazi yangu.

Nikaliweka sinia chini. Mkubwa mmoja akatia mkono, akala, akafumba macho. "Aaa! Mchele huu unanukia!" akasema. "Huu ndio mchele wa kisasa!" Wote wakamuunga mkono. Na Bwana Shamba, ambaye hakupata kula na mtu, siku ile alikaa zuliani baina ya wakubwa, akakunja mkono wa shati, akatia vidole vyake kwenye sinia moja nao. "Nadhifu," alisema, na punje ya wali imemganda mdomoni. Nilikimbilia nyuma ya banda la ng'ombe, pale Bi Tatu alipomwaga nazi zake, nikatapika. Walikuwa wakila mbegu. Walikuwa wakila masika ya watu, na wanaramba vidole.

Masika yalikuja kama yanavyokuja siku zote. Majaruba ya kituo yalikuwa na mifereji ya kutoa maji. Bonde la shangazi halikuwa nayo, wala halikuihitaji zamani, kwa kuwa mpunga wake ulikuwa mrefu, maji yakipanda nao unapanda. Ule mfupi ulizama. Ulioza chini ya maji pamoja na wa majirani, na nilipokwenda kumtazama shangazi nilisikia uvundo wa bonde kabla sijaliona bonde lenyewe. Alikuwa amesimama kwenye tope, anayatoa majani yaliyooza kwa mikono, hajui ayaweke wapi.

Watu wa tawi la chama wakamwambia kwamba konde likikaa tupu msimu mwengine litapewa mtu mwengine. Bonde zima lilikuwa limetoa mbegu, hapakuwa na jirani wa kumuomba. Basi nikenda ofisini kwa Bwana Shamba. Nilikuwa na kiburi changu, lakini siku ile nilikiacha mlangoni.

"Shikamoo, Bwana. Nnaomba mbegu ya zamani. Konzi moja tu ya kiganja. Shangazi yangu atanyang'anywa konde."

"Marahaba, Binti." Kabati lilikuwa wazi nyuma yake, alikuwa akitoa kikombe. "Mbegu ya zamani kituo hakina. Yote ilikusanywa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akalifunga kabati, akaurudisha ufunguo shingoni, akaanza kukipangusa kikombe. Alinipa pole. Aliniuliza hali ya ndama, yule aliyemtoa kwa mkono wake, ambaye sasa alikuwa mtamba mkubwa. Nikamjibu kwamba hajambo, nikatoka.

Konde likachukuliwa. Shangazi akaja kukaa nasi Mkunazini, na kifurushi cha kanga na mchi wake. Kinu alishindwa kukibeba, tukakifuata baadaye. Mwanamke aliyekuwa akilisha watu sasa alipanga foleni ya mchele alfajiri na kikapu mkononi, mchele wa meli kutoka nje, mweupe, usio na harufu ya kitu chochote. Hakulalamika. Aliupika, akauonja, akasema, "Unajaza tumbo." Ndilo alilolisema juu ya kila chakula cha mjini. Mimi niliacha kazi kituoni nikenda kusomesha skuli. Ile mbegu fupi ikaachwa kimyakimya, ikaletwa nyengine, na hakuna aliyeulizwa kitu.

Miaka ikapita. Alasiri moja nikasikia hodi mlangoni, sauti dhaifu. Nilipofungua sikumtambua mara moja. Kanzu yake ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya chai. Hapakuwa na marashi; alinuka jasho na mafuta ya karafuu ya kuchulia viungo. Kwapani alishika kitu kilichofungwa kwa karatasi.

"Hujambo, Binti. Shangazi yako yupo?"

Nilitaka kumfungia mlango. Shangazi akaita kutoka uani, "Nani huyo? Mkaribishe mgeni!" Nikampisha.

Alikaa kwenye ukingo wa mkeka. "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, baba."

Akafungua karatasi. Ndani palikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, imejaa mpunga wa masuke marefu, uliopukuchuliwa. Niliijua chupa ile. Nilikuwa nimeiona kila siku nyuma ya kikombe chake.

"Nimestaafu," akasema. "Nimetoa vitu vyangu kabatini. Hii ni yako, Bi Mkubwa. Siku ile ulipotoa mbegu nilitenga fungu lako moja kabla mengine hayajapelekwa kutwangwa. Nilijua kwamba ni mpunga mzuri kupita wote tuliokusanya." Akameza mate. "Nimeutia kwenye kitambaa cha maji, nimengoja. Hauoti tena."

Nikamuuliza, "Siku ile nilipokuja ofisini kukuomba, ulikuwa ukiota?"

Akaikunja ile karatasi mara mbili.

"Bwana, nnakuuliza. Ulikuwa ukiota?"

"Ulikuwa ukiota."

"Na kabati lilikuwa wazi mbele yangu."

"Ningekupa huo, Binti, ningekuwa nimesema kwamba ule mwengine umeshindwa." Alisema hivyo akitazama mikono yake. "Nilifikiri nitakupa baadaye. Mambo yakitulia."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa shangazi alikuwepo na nilimuonea haya yeye. Nilimwambia ametuletea maiti ndani ya chupa. Nilimwambia atoke. Shangazi wala hakunisikiliza. Alikuwa ameifungua chupa, ametia pua ndani, na amekaa hivyo muda mrefu. Kisha akaumwaga mpunga juu ya ungo, akaupitisha vidole.

"Hauoti?" akamuuliza.

"Hauoti, Bi Mkubwa."

"Lakini unalika?"

"Unalika."

"Basi kaa. Leo utakula kwetu."

"Shangazi!" nikasema.

"Nimeukosa miaka," akanambia. "Kama hauoti, nifanye nao nini, niutazame? Nitafutie nazi."

Akautwanga mwenyewe uani kwenye kinu chake, na mchi wake ulikuwa na mlio niliousahau. Ulikuwa mchele wa kibaba kasoro. Akaupika kwa tui zito, akaupakua kwenye sinia dogo, akaliweka katikati ya mkeka, akaleta birika na bakuli la kunawia. Bwana Shamba alinawa. Akatazama upande wa kulia na wa kushoto, kama mtu anayetafuta kitu alichozoea kukiona karibu. Shangazi akasema, "Bismillahi," akatia mkono. Naye akakunja mkono wa kanzu, akatia mkono.

Shangazi alikula tonge la kwanza kafumba macho. "Ndiwo," akasema. "Ndiwo wenyewe. Moshi tu umepungua."

Bwana Shamba alikuwa akila na machozi yakimtoka mpaka kwenye ndevu. Aliyafuta kwa kiganja, kiganja kilekile, akakirudisha kwenye sinia. Shangazi hakujali. Alimsogezea upande wake wali uliobaki, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote, kisha akaninyanyulia macho.

"Mbona huli, mwanangu? Utakwisha, na mwengine haupo."

"Nnakuja, shangazi."

Nikasimama, nikenda jikoni kutafuta sahani yangu na kijiko.